Mtoto wa miezi miwili kukaa siku tano bila choo

Mama mwenzangu, nimekuelewa: mwanao wa miezi miwili, anayenyonya maziwa yako pekee, hajapata choo kwa siku tano, na bibi yake anashauri umwekee kipande cha sabuni.

Mtazame mtoto kabla ya kuhesabu siku. Baada ya wiki 6 hivi, mtoto anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki nzima, bila choo, kwa kuwa maziwa ya mama humeng'enywa karibu yote na mabaki huwa machache. Ikiwa ananyonya vizuri, uzito unapanda kwenye kadi ya kliniki, analowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, na choo kikitoka huwa laini, huko si kufunga choo. Rangi ya njano, kahawia au kijani isikutie hofu.

Sabuni usimwekee, kwani huchubua utando laini wa njia ya haja kubwa. Maji hayahitaji kabla ya miezi 6, na asali ni hatari kabla ya mwaka 1. Bibi mpe kazi ya kumkanda tumbo taratibu, naye ataridhika.

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, ukiona damu kwenye choo, matapishi ya kijani, tumbo lililovimba na kuwa gumu, homa ya nyuzi 38 au zaidi, kukataa kunyonya, au choo cheupe kama chokaa, ambacho huweza kuashiria kuziba kwa njia ya nyongo. Mweleze daktari pia ikiwa choo chake cha kwanza kilichelewa kupita saa 48 baada ya kuzaliwa.