Kubadilisha magazini: kwa mliofika uwanjani juzi

Wengi wanaoanza kushika bastola huhangaika na kulenga. Kulenga kutakuja. Mimi nikisimama nyuma ya mwanafunzi ninaangalia mikono yake pale risasi zinapokwisha, maana hapo ndipo akili inapohama: macho yanatafuta magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) kiunoni, mkono wa kushoto unapapasa mkanda, na bastola iliyobaki mkono wa kulia inaanza kuzurura. Mdomo wa bastola unageukia pembeni au unainama kuelekea miguuni, na kidole kinarudi kwenye triga bila mwenyewe kujua.

Basi anza na kidole. Kitoke kwenye triga na kilale ubavuni mwa bastola, juu kabisa ya kizingo cha triga, kabla hujagusa kitufe cha kuachia magazini. Kwenye mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha kwa vitendo, hakuna mjadala juu ya hili: kidole kikibaki ndani ya kizingo wakati unabadilisha magazini, umeondolewa. Mdomo wa bastola ukivuka nyuzi 90 kutoka katikati ya ukingo wa kuzuia risasi, umeondolewa vilevile, hata kama bastola ni tupu. Nazipenda sheria hizi kwa sababu hazisikilizi visingizio.

Jambo la pili ni mahali pa kufanyia kazi. Usiishushe bastola tumboni. Vuta viwiko karibu na mbavu, bastola ibaki usawa wa kidevu, mdomo ukielekea kwenye shabaha, kisha ipindue kidogo ili tundu la magazini likutazame. Hapo unaona tundu na shabaha kwa pamoja bila kuinamisha kichwa. Mwenye vidole vifupi atalazimika kuizungusha bastola kiganjani ili dole gumba lifike kwenye kitufe. Si kosa, ila mdomo usizunguke nayo. Kama unatumia mkono wa kushoto, bonyeza kwa kidole cha shahada au uhamishie kitufe upande wa pili, bastola nyingi za siku hizi zinaruhusu. Na ukikutana na bastola kama Makarov, kitufe hukioni: lachi, yaani kikomeo kinachoishika magazini, iko chini ya mpini, kwa hiyo magazini unaivuta kwa mkono wa pili.

Sasa magazini mpya, na hapa nitakaa kidogo. Magazini zikae mkandani upande wa mkono usioshika bastola, ncha za risasi zikitazama mbele. Unapoichomoa, kitako chake kikae kiganjani na kidole cha shahada kinyooke mbele ya magazini mpaka ncha ya kidole iguse ncha ya risasi ya juu. Kidole hicho ndicho kinachokuonyesha njia. Unaweza kupiga makofi gizani na viganja vikakutana. Vivyo hivyo kidole kitalitafuta tundu chenyewe, ukishakizoesha. Anza kwa kuegemeza mgongo wa magazini kwenye ukuta wa nyuma wa tundu, inyooshe, halafu isukume kwa kiganja mpaka usikie imekamata. Kugonga-gonga ni woga tu. Sukuma mara moja, kwa nguvu.

Ikiwa risasi zilikwisha kabisa, slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na mbele, itakuwa imebaki nyuma, kwa sababu kibati cha ndani ya magazini tupu hukisukuma juu kile kizuizi cha slaidi. Ukiona slaidi imefunga mbele, triga ikafyatuka na hakuna mlio, usikimbilie kulaumu bastola. Angalia dole gumba lako: mara nyingi limelala juu ya kizuizi na kukinyima nafasi ya kupanda. Kuiachia slaidi, unaweza kubonyeza kizuizi au kuishika slaidi kwa juu, kuivuta nyuma na kuiacha. Neno ni kuiacha. Wageni huisindikiza mbele kwa mkono, springi inakosa nguvu yake, risasi inakwama nusu mlangoni mwa chemba, pale inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Ukichagua kukoki kwa mkono, mkono ukae nyuma ya tundu la kutolea maganda, mbali na mdomo.

Kuna pia kubadilisha huku chemba ina risasi, unapotaka tu magazini iliyojaa. Slaidi imefungwa, kwa hiyo magazini iliyojaa pomoni itagoma kidogo kukaa: risasi ya juu inasukuma tumbo la slaidi na springi haina pa kushuka. Isukume zaidi, kisha ivute chini kidogo kuhakikisha imekamata. Wapo wanaopunguza risasi moja kwa sababu hiyo hiyo, na siwalaumu.

Mpangilio wa kupakua usiuguse hata siku moja: magazini kwanza, ndipo ukoki. Ukikoki kwanza, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine, kisha unachomoa magazini na kuamini bastola ni tupu. Baada ya hapo tazama chemba kwa macho, na uitie kidole.

Mazoezi ya nyumbani yafanyike kwa risasi bandia, na risasi za kweli zikae chumba kingine. Polepole, mpaka mkono uache kupapasa. Kasi usiihesabu bado.

Na ziandike magazini zako namba kwa rangi kwenye kitako. Zinadondoka mchangani, midomo yake inapinda, springi zinachoka. Ikikwama namba 3 leo na namba 3 tena wiki ijayo, hujapata tatizo la bastola. Ipeleke kwenye mfuko wa mazoezi ya risasi bandia na ununue nyingine.