Mkuu, usilipe kabla hujaona paa likifunguka na kufungika mara tatu

Rudisha hiyo hela benki kwanza, tuongee.

Unasema uko Kisasa hapa Dodoma, una mke na watoto wawili, una milioni 20 mkononi, na umechoka kupishana na IST zinazofanana na yako. Sasa unataka gari la kufunua paa, la viti vinne, la kwendea kazini Mtumba na kupeleka watoto shule kila siku. Unachagua kati ya Volkswagen Eos na Peugeot 307 CC, na tayari kuna jamaa Dar ana Eos "safi kabisa, haina hata mkwaruzo". Umeuliza mafuta, bima, spea, na rangi gani haionyeshi vumbi. Halafu ukatupia picha tisa.

Nimezihesabu. Picha tisa, na zote paa limefungwa!

Hapo ndipo nilipoacha chai ikapoa. Wewe ndiye mimi wa miaka mitatu iliyopita, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na milioni 19 na nusu na sikuuliza mtu, kwa sababu nilijiona mjanja.

Langu lilikuwa la Kijerumani. Jina nalihifadhi, maana kiwanda hakikunikosea kitu. Walionikosea ni watu wawili, na wa tatu ni mimi mwenyewe.

Wa kwanza ni dalali. Nilifika yadi saa nne asubuhi, gari linang'aa mpaka unajiona meno. Nikamwambia afungue paa. Akacheka kile kicheko chao, akanishika bega: "Bosi wangu, betri iko chini kidogo. Ukifungua paa betri ikiwa chini, kompyuta inachanganyikiwa. Ukifika Dodoma lichaji usiku mmoja, asubuhi bonyeza tu, utanipigia simu kunishukuru." Uongo wake ulikuwa mtamu kwa sababu nusu yake ni kweli. Betri ikiwa dhaifu, paa la umeme hukataa kweli, ndiyo maana huwa linafunguliwa injini ikiwa inaunguruma. Sasa mbona asiwashe injini? Swali hilo lilinijia nikiwa nimeshapita Gairo, hela imeshalala kwake.

Na buti lilinukia marashi. Mkuu, buti la gari linanukia marashi kwa nini? Kapeti jipya, limekatwa vizuri, limebandikwa gundi. Nikasifia usafi! Nilipokuja kulibandua nyumbani Ilazo nikakuta tambara limekunjwa kandokando ya pampu, limelowa oili, ukilikamua linajaza kikombe cha kahawa. Huyo mtu alijua. Alivalisha kidonda shati.

Kwa asiyejua: paa la chuma la kukunjika la magari kama haya halifunguki kwa umeme mtupu. Kuna pampu nyuma kwenye buti, inasukuma oili kwenye mipira hadi kwenye silinda, na silinda ndizo zinazonyanyua paa, vilevile tipa la mchanga linavyonyanyua bodi. Eos paa lake lina vipande vitano vinavyopishana na kujipanga ndani ya buti. Oili ikivuja, hata kidogo, kuna siku utakwama njiani.

Mkosaji wa pili ni fundi wa mtaani. Kijana mzuri, kwenye Noah na Corolla hana mpinzani. Akachungulia kichupa cha pampu, akaona oili imeshuka, akasema "hii ni ndogo tu kaka", akaenda kununua oili ya breki akajaza. Na paa likafunguka! Majirani wakatoka nje, mwanangu mdogo akapiga makofi, mimi nikampa fundi elfu 30 juu ya bei. Oili ya breki si oili ya pampu ile. Raba za ndani zinazozuia oili isivuje, zilizotengenezwa kwa oili ya aina moja, ukiziwekea ya aina nyingine zinavimba. Sisi tukawa tunazunguka mjini jioni, tunapunga mikono kama wagombea ubunge, na ndani raba zinaumuka kama maandazi.

Ikaja Jumapili ya mwezi wa pili. Tulikwenda Mtera kula samaki, tukarudi paa liko wazi. Karibu na Fufu wingu likatanda. Nikasimama pembeni, nikabonyeza. Mfuniko wa buti ukanyanyuka kwa nyuma, vipande vikaanza kupanda, vikafika juu ya vichwa vya watoto vikasimama wima. Kimya. Nikabonyeza tena, taa ya dashi ikapepesa na pampu ikalia "nyiii" halafu ikanyamaza. Mvua ikaanza matone makubwa, yale ya kupasua vumbi. Mzee mmoja mwenye mbuzi alisimama akatazama muda mrefu, akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, gari lako linapiga miayo?"

Sikuwa na jibu. Mama watoto naye hakuongea na mimi mpaka Jumatano.

Watoto tuliwafunika kwa kanga mbili na turubai tuliloazima, ndoo ya samaki ikajaa maji ya mvua, viti vya ngozi vikawa bwawa. Tulivutwa na Fuso hadi mjini, polepole, watu wote wa njiani wakipata burudani. Pampu, silinda mbili, mipira, raba, fundi wa Dar, kuvutwa, nauli: jumla milioni 6 na laki 6. Mama watoto alipiga hesabu kwenye simu, maana alikuwa anahesabu kimyakimya tangu mwanzo. Paa tulilifungua mara 11, kwa hiyo kila mara ni laki sita. Akasema kwa laki sita angenipeleka Zanzibar nikapigwe upepo bure.

Kwa hiyo sikiliza. Kabla ya senti moja kutoka: injini iwake, paa lifunguke lote, lifungike lote, mara tatu mfululizo, wewe ukiwa umesimama nyuma unatazama. Mara moja haitoshi, hata langu lilifunguka siku ile fundi alipojaza oili. Ya tatu ndipo oili imepata joto na pampu imechoka, kama kuna uvujaji unajitokeza. Halafu nyanyua kapeti la buti, pitisha kidole chini ya pampu. Kikitoka na oili, ondoka. Kikitoka na marashi, kimbia.

Hayo mengine nayapitia haraka. Viti vinne maana yake vinne kweli, nyuma ni watu wawili na mikanda miwili, na milango ni miwili tu. Dada wa kazi au bibi akija kutoka Kondoa, mtu mmoja anapanda bajaji. Jaribu kumwingiza mama mkwe nyuma uone heshima inavyokwenda. Buti la Eos ni lita 380 paa likiwa limefungwa, ukilifunua zinabaki 205, kwa hiyo sahau kurudi na gunia huku unapunga upepo. Na jua letu unalijua, saa sita mchana paa wazi ni kikaango. Utafurahia kuanzia saa kumi na moja jioni. Vumbi jekundu linajaa kwenye raba na kuziba vitundu vya kutolea maji, usiposafisha mara kwa mara, masika maji yanaingia ndani hata paa likiwa limefungwa.

Rangi, chukua yoyote. Langu nililiuza baadaye kwa milioni 11, na mnunuzi nilimfungulia paa mara tatu bila yeye kuomba. Alinishangaa.

Leo jioni mpigie huyo jamaa wa Dar, mwambie akutumie video ya paa, mara tatu, bila kukata. Akianza tu habari za betri kuwa chini, rudi hapa uniandikie. Maneno yanayofuata nayajua yote kwa moyo.