Jibu: Oda na foleni ya sahihi kwenye tamasha la katuni

Ndugu, umeuliza mchoraji mkongwe apangeje oda za michoro na foleni ya sahihi kwa siku tatu za tamasha la vitabu vya katuni.

Oda kwanza. Kama kichwa na mabega kwa wino hukuchukua dakika 30, saa 6 za meza haziwezi kuzaa michoro 12. Mashabiki wa miaka mingi wanataka kuongea, na mkono nao unachoka. Pokea 5 kwa siku, andika jina, mhusika na malipo, kisha funga daftari. Oda za kwenda kumalizia nyumbani ndizo huchafua jina la mtu.

Sahihi ndipo nakala huharibika. Jalada linalong'aa halinywi wino: wa maji hubaki juu, kidole kikipita tu unatambaa. Tumia makapeni ya wino usiofutika. Kwa jalada jeusi, ya rangi ya fedha, uijaribu kwanza kwenye karatasi maana ncha hudondosha tone. Acha wino ukauke kabisa kabla nakala haijarudi kwenye mfuko wake wa plastiki.

Na tafadhali, mwenye nakala aitoe mwenyewe mfukoni. Gundi ya selotepu iliyo kwenye mdomo wa mfuko hunasa jalada na kulichana.

Muulize kila mtu asainiwe wapi. Anayetaka lebo ya Signature Series, inayothibitisha sahihi ni ya kweli, kutoka CGC, kampuni inayokagua na kupanga ubora wa vitabu vya katuni, aje na shahidi wao aliyeidhinishwa, akuone ukisaini.