Askari Uliyetoka Uwanjani, Hakikisha Jeraha Lako Limeandikwa

Wengi tunaojiunga na jeshi baada ya michezo ya shule tunaingia na sifa ambayo wakufunzi huipenda: tumezoea kuvumilia. Mimi nilikuwa mkimbiaji wa mita 800, na kocha wetu hakutaka kusikia habari za goti wiki ya mashindano. Mafunzo ya kuruta hayakunitisha. Mbio za alfajiri, mzigo mgongoni, usingizi wa mang'amung'amu, yote niliyazoea mapema, na ninaushukuru uwanja kwa hilo.

Sasa nimestaafu, na kazi yangu ni kuwasaidia askari wenzangu wastaafu kudai fidia na matibabu. Tabia ileile ya kuvumilia ndiyo inayowaponza. Mtu anaingia akichechemea, ametumikia miaka mingi, lakini ndani ya faili lake hakuna hata mstari mmoja unaosema aliwahi kuumia. Aliruka kutoka kwenye lori, mguu ukavimba, akaufunga bendeji na kurudi zamu. Wenzake walimsifu. Anayekagua madai hana pa kushika.

Kwa hiyo wewe uliye bado kazini, nenda kwa daktari wa kikosi siku hiyohiyo, hata kama ni kifundo cha mguu tu. Mweleze uliumia lini, wapi na ukifanya kazi gani, na usiondoke kabla hajaandika. Masikio hasa usiyapuuze. Nchini Marekani, mvumo wa masikioni ndio ulemavu unaolipiwa fidia kwa wastaafu wengi kuliko mwingine wowote, na kijana anayetoka kulenga shabaha huuona kitu kidogo.

Omba nakala, uiweke nje ya kambi. Mwaka 1973 moto uliteketeza ghala la kumbukumbu huko St. Louis, Marekani, na mafaili kati ya milioni 16 na 18 ya wanajeshi yakapotea. Andika pia vituo vyote ulivyopelekwa na tarehe zake. Askari wa Marekani walioishi karibu na mashimo ya kuchomea taka Iraki na Afghanistan walisubiri hadi sheria ya 2022 ndipo magonjwa yao mengi yakachukuliwa kuwa yametokana na utumishi. Katika madai ya namna hiyo, kuonyesha ulikuwa wapi na lini ni nusu ya safari.

Majeraha ya akili ni magumu zaidi, maana ndoto mbaya haionekani kwenye eksirei. Hata madaktari walichelewa: ugonjwa wa kiwewe cha vita uliingia kwenye mwongozo rasmi wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, wakati vita vya Vietnam vilikuwa vimeisha miaka mitano nyuma. Hapa ushuhuda wa mke, mume au mwenzako wa kombania una uzito mkubwa. Aandike aliyoyaona kwa macho: unaamka ukipiga kelele, huwezi kuketi ukiupa mlango mgongo, umeacha kwenda kwenye mikusanyiko. Na matibabu yasisubiri fidia. Anza kumwona mtaalamu sasa.

Kama umeshastaafu na faili ni tupu, watafute mliokuwa nao siku ile wakati bado wanakumbuka. Ofisini nenda na mtu, kwa sababu mwanamichezo akiulizwa hali yake hujibu "niko sawa" kabla hajafikiri, na jibu hilo linaandikwa. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi, kisha kabla ya kusoma kingine chochote tafuta tarehe ya mwisho ya kukata rufaa.