Uzi Uliokufa na Uzi Unaokwaruza: Nilivyojifunza Kupiga Kodi Safi za Gitaa

Nianze kwa kueleza neno lenyewe, kwa sababu hapa Kampala ukisema kwamba kodi inakusumbua, anayekusikiliza hudhani mwenye nyumba amebisha hodi. Kodi ninazozizungumzia ni zile za gitaa, yaani sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja mtu anapobana nyuzi kwa mkono wa kushoto na kuzichapa kwa mkono wa kulia. Zilinisumbua kwa miezi mitatu hivi, na miwili kati ya hiyo niliipoteza bure, kwa kuwa nilikuwa nikitibu ugonjwa ambao sikuwa nao.

Nilidhani vidole vyangu ni dhaifu. Kodi ya C ilipotoka kama kopo la misumari linalotikiswa, nilikaza mkono zaidi, na ilipokataa tena nilikaza kuliko hapo, mpaka gumba likafa ganzi na siku iliyofuata nikashindwa kubeba madaftari ya wanafunzi kwa mkono huo. Mwalimu wangu, mpiga gitaa kutoka Kongo anayefundisha watu wachache nyumbani kwake upande wa Katwe, alinitazama kwa muda bila kusema neno. Yeye huniita Mwalimu kwa sababu nafundisha Kiswahili sekondari, nami humwita Mwalimu kwa sababu iliyo wazi, hivyo mazungumzo yetu hufanana na kikao cha walimu. "Mwalimu," akasema, "acha kuchapa. Donoa uzi mmoja mmoja, halafu uniambie ni uzi gani mgonjwa na unaumwa nini."

Sentensi hiyo ilinisaidia kuliko video zote nilizokuwa nimezitazama. Kodi chafu haiwi chafu yote kwa pamoja. Mara nyingi nyuzi tatu au nne zinalia vizuri, na mmoja au wawili ndio wanaoharibu. Lakini ukichapa zote kwa mkupuo, sikio la mwanafunzi husikia fujo tu na halijui fujo hiyo inatoka wapi. Ukizidonoa polepole kutoka ule mnene wa sita hadi ule mwembamba wa kwanza, utaona kwamba magonjwa ni mawili tu, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni uzi uliokufa: unaudonoa, nao unatoa mshindo mfupi mkavu kama kugonga meza. Karibu kila mara sababu yake ni kidole cha jirani kilichoulalia. La pili ni uzi unaokwaruza: unalia, lakini ndani ya sauti yake mna kitu kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Huo umebanwa mahali pasipofaa au haujabanwa vya kutosha, na mara nyingi zaidi ni mahali. Kule kukaza mkono nilikokutegemea hakuwezi kuufufua uzi uliolaliwa na kidole kingine, na ule unaokwaruza huutibu kwa gharama ya maumivu yasiyo na sababu.

Jaribu jambo hili leo ukiwa na gitaa mkononi. Weka kidole cha shahada juu ya uzi wa pili katikati kabisa ya nafasi iliyo kati ya freti mbili, yaani vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ya gitaa. Gusa uzi bila kuubana, kisha uendelee kuudonoa huku ukiongeza nguvu kidogo kidogo. Kwanza utakuwa umekufa, kisha utakwaruza, na hatimaye utalia safi. Simama hapo hapo. Nguvu hiyo ndiyo inayotakiwa na hakuna haja ya kuizidisha. Sasa sogeza kidole mpaka kikaribie freti iliyo upande wa tundu la gitaa, bila kukipandisha juu ya chuma chenyewe, na urudie. Utashangaa jinsi nguvu inayohitajika ilivyopungua. Mimi nilicheka peke yangu, halafu nikakasirika kidogo kwa sababu ya ile miezi miwili.

Niseme kwa kupita kwamba mkwaruzo si dhambi katika kila ala. Katika endongo, kinubi cha Waganda, nyuzi huachwa ziguse ngozi ya kenge, na mlio ule wa kuvuma ndio utamu wake. Gitaa halikuundwa hivyo, na anayeisingizia mila kwa sababu kodi yake ya C inakwaruza anajidanganya.

Hiyo C ndiyo iliyonifundisha mengi, kwa hiyo nitaikalia. Kidole cha shahada kinabana uzi wa pili kwenye freti ya kwanza kutoka kichwani mwa gitaa, cha kati uzi wa nne kwenye freti ya pili, na cha pete uzi wa tano kwenye freti ya tatu. Uzi wa tatu na wa kwanza huachwa wazi, na hao wawili ndio hufa. Wa kwanza huuawa na tumbo la kidole cha shahada, na wa tatu huuawa na kidole cha kati kilicholala badala ya kusimama. Dawa ni kuvisimamisha vidole ili viguse nyuzi kwa ncha, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu, na hilo haliwezekani ikiwa kiganja kimeikumbatia shingo ya gitaa. Shusha gumba mpaka nyuma ya shingo, karibu na usawa wa kidole cha kati, na usogeze kifundo cha mkono mbele kidogo. Vidole vitasimama vyenyewe. Kucha za mkono wa kushoto lazima zikatwe zikaribie nyama. Nilizipenda kucha zangu na nilijaribu kutafuta njia ya katikati, lakini njia hiyo haipo.

Kuna jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi mapema: kodi safi ina pia nyuzi zinazopaswa kunyamaza. Katika C uzi wa sita hautakiwi, na badala ya kuukwepa kwa mkono wa kulia kila mara, acha ncha ya kidole cha pete iuguse kidogo inapobana uzi wa tano. Hapo unauua kwa makusudi, na unaweza kuchapa bila wasiwasi.

Anayechapa anaweza kuuficha uzi mmoja mbovu kati ya sita, lakini anayedonoa hana pa kujificha. Mwenda wa Bayeke, mpiga gitaa wa Kongo aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, huko Katanga mwaka 1952, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada, na katika rekodi zake kila uzi unasikika umesimama mahali pake. Ndiyo maana mwalimu wangu alinizuia kuchapa kwa wiki mbili nzima. Nilinuna, ila nilitii.

Pamoja na hayo yote, usijilaumu kabla hujalikagua gitaa lenyewe. La kwangu nililinunua likiwa limetumika, na nyuzi zake zilikuwa juu mno. Weka rula juu ya freti ya 12 na upime nafasi iliyo kati ya chuma na uzi wa sita: kwa gitaa la nyuzi za chuma, milimita 2 hadi 3 zinavumilika, na langu lilikuwa na karibu 5. Fundi alikwangua upande wa chini wa kile kipande cha plastiki kinachobeba nyuzi kwenye daraja la gitaa, pale zinapofungwa kwenye mwili wake. Kwa kuwa freti ya 12 iko katikati ya urefu wa uzi, ukipunguza milimita 2 pale darajani unapata milimita 1 tu pale kwenye freti, hivyo kazi hiyo hufanywa kidogo kidogo na kupimwa kila mara, kwa sababu nyuzi zikishuka kupita kiasi zitakwaruza hata mikononi mwa bingwa. Ikiwa huna fundi karibu, legeza nyuzi zote sita kwa nusu sauti, yaani tofauti ya freti moja, na ujifunzie hapo, au nunua nyuzi nyembamba za namba 10 badala ya 12. Lakini usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililoundwa kwa nyuzi za nailoni, kwa sababu mvuto wake ni mkubwa na unaweza kuling'oa daraja.

Kuhusu muda sina mengi ya kusema: dakika 15 asubuhi na 15 jioni zilinifaa kuliko saa mbili za Jumamosi, kwa sababu ncha za vidole zinahitaji siku za kutengeneza sugu, na sugu haiharakishwi.

Zoezi lililonipeleka mbele zaidi lilikuja bila kupangwa. Umeme ulikatika jioni moja nikiwa katikati ya mazoezi, na simu nayo ilikuwa imezima. Nikaendelea gizani kubadilisha kutoka A ndogo (A minor) kwenda C, mabadiliko ambayo ni mepesi kuliko yanavyoonekana, kwani kidole cha shahada na cha kati hubaki palepale na ni cha pete pekee kinachohama kutoka uzi wa tatu kwenda wa tano. Kwa kuwa sikuona vidole, nilianza kusikia: niliujua uzi uliokufa kabla ya kujua ni kidole gani kilichouua. Tangu siku hiyo mimi huzima taa mwenyewe.

Bado ninahangaika na F, ile ya kukilaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita. Niliianza kwenye freti ya tano, ambako umbo hilohilo hutoa kodi ya A na nyuzi hubanika kwa urahisi zaidi, kisha nikashuka freti moja baada ya nyingine. Kilichonipa moyo ni kugundua kwamba kidole hicho hakina kazi ya nyuzi sita. Wa tano, wa nne na wa tatu hubanwa na vidole vingine, na chenyewe kinawajibika kwa wa sita, wa pili na wa kwanza tu. Jumapili iliyopita nyuzi tano zililia na wa pili ukafa. Nilikaza, nao haukuamka. Nikakitazama kidole na kukuta kwamba mkunjo wa kiungo chake umeangukia juu ya uzi huo hasa, hivyo uzi ulikuwa umelala ndani ya kijibonde cha ngozi. Nikakisogeza kidole juu kwa unene wa punje ya mchele, nikakigeuza kidogo kiegemee ubavu wake wa mfupa, nikadonoa tena, na uzi wa pili ukalia.