Kumbe nililisingizia friji bure

Kwa miezi miwili nililisingizia friji. Nikinunua umeme wa wiki mbili kwenye LUKU, mita yetu ya kulipia kabla, Jumapili uniti zimeshapukutika, na baba watoto ananiuliza kwa ule upole wake unaoudhi: "Mama Imani, LUKU inalia tena?" Nikabadilisha mpira wa mlango wa friji. Nikapiga marufuku pasi siku za kazi. Wapi!

Siku moja nikasoma mita kabla na baada ya kufua kwa mashine. Programu ya pamba, nyuzi 60, ngoma imejaa: uniti moja na ushee. Siku ya pili nikafua nguo kiasi kile kile kwa maji baridi, haikufika robo uniti. Nikarudia, maana sikuamini. Majibu yale yale.

Kinachozungusha ngoma hakili umeme mwingi. Mlaji ni koili ya kupashia maji, na kwenye mashine nyingi ina wati 2000 hivi, sawa na birika la umeme. Kutoa lita 15 za maji nyuzi 28 hadi 60 kunadai zaidi ya nusu uniti, hapo hujahesabu nguo, chuma na joto linalopotea. Na maji ya hapa Dar ni vuguvugu tayari, hasa simtank ikiwa juani. Nadhani waliozitengeneza hizi mashine waliwafikiria watu ambao maji yao ya bomba yanauma vidole.

Kwa hiyo nyumbani kwangu nguo za kila siku, madera, kanga, jinzi, zote ni baridi. Mashati meupe ya shule ndiyo yaliyonipa wasiwasi. Dawa yake ni kusugua kola na mikono kwa sabuni ya mche, kuyaacha nusu saa, kisha yanaingia kwenye baridi na wenzake. Nyuzi 60 nimeibakiza kwa taulo, nepi, na mashuka ya mtu aliyekuwa anaumwa. Mara moja kwa mwezi naizungusha mashine kwa maji ya moto bila nguo, kuondoa ile harufu ya uvundo inayojificha kwenye mpira wa mlango.

Jirani yangu aliponiona na Eco, ile programu ya kubana umeme, alishtuka: "Shoga, masaa matatu na nusu? Si utafilisika!" Muda hauna neno. Programu ile inapasha maji kidogo, halafu inaziacha nguo ziloweke na kuzunguka taratibu, kwa hiyo nguo zikihitaji joto kiasi, ni nafuu kuliko pamba 60 ya masaa mawili. Ila siku za umeme wa kukatika-katika siigusi. Niliwahi kubaki na ngoma imejaa maji, mlango umejifunga, hadi saa nne usiku, na sare za kesho zimo ndani.

Ile ya dakika 15 ni ya nguo chache zenye jasho tu. Ukiishindilia, utarudia kufua.

Tena kuna maji ya kisima. Sisi tunaoishi kwa kubahatisha mgao tunajua: yana chumvi, sabuni haitoi povu, unaongeza kikombe kingine, na nguo zinatoka ngumu kama turubai. Yale yenye chokaa, ukiyachemsha yanaacha ukoko kwenye koili, na koili yenye ukoko inachelewa kupasha. Mimi nafua siku maji ya bomba ya DAWASA yakitoka. Yakikosekana kabisa, natumia ya kisima, lakini baridi.

Kwenye kukamua sibani. Masika naweka mizunguko 1200, kwa sababu nguo zinaanikwa barazani na hewa yenyewe imelowa. Zisipokamuliwa vizuri zinavunda, unazifua upya. Kiangazi, 800 inatosha. Jua la saa sita linamalizia kazi, na kwa mashuka hata pasi sihangaiki nayo, nayakung'uta tu kabla ya kuanika.

Friji nimeliomba radhi.