Maswali ya Wasomaji: Mikanda Inayoshika Tandiko la Farasi

SWALI: Nimeanza kazi ya usaisi katika zizi moja hapa Karen, Nairobi. Nikiinua bawa la tandiko naona vikanda vitatu vyenye matundu kila upande, lakini mkanda wa tumbo una mabizimu mawili tu kila ncha. Mwenzangu hufunga viwili vya nyuma, anasema cha mbele kinambana farasi begani. Nifuate lipi? *Saisi, Karen*

JIBU: Funga cha kwanza na cha pili, au cha kwanza na cha tatu. Cha pili na cha tatu bila cha kwanza, hapana, hata kama ni kwa mzunguko mmoja wa uwanja.

Sababu haionekani ukiwa umesimama mbali. Inua bawa lote, inamisha kichwa utazame mahali vikanda vinapoanzia. Utaona havikushonwa kwenye kiunzi cha tandiko. Vimeshonwa kwenye tepe ngumu zinazopita juu ya kiunzi kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Katika matandiko mengi ya Kiingereza, utepe wa mbele hubeba kikanda cha kwanza peke yake, na utepe wa nyuma hubeba cha pili na cha tatu kwa pamoja. Mwenzako anapofunga viwili vya nyuma, mpandaji anashikwa na utepe mmoja tu. Na utepe huo ndio unaokaa gizani, unakunywa jasho kila siku, wala hautazamwi. Ukikatika farasi akiwa mbioni, tandiko linaondoka na mtu wake. Ukifunga kwenye tepe mbili, mmoja ukikatika wa pili unampa mpandaji nafasi ya kuvuta hatamu na kushuka.

Kikanda kinachobaki ni cha akiba. Siku utakapoona kimojawapo kimepasuka au tundu limerefuka umbo la yai, unahamia kwenye akiba mpaka fundi wa matandiko abadilishe kilichoharibika. Kurefuka kwa tundu si jambo la kungoja: ngozi iliyobaki kati ya tundu na tundu ndiyo inayobeba kila kitu.

Matandiko mengine, hasa mapya, yana kikanda cha mbele kilichofungwa kwenye ncha ya kiunzi na cha nyuma kinachoning'inia kwenye tepe mbili kama herufi V. Hilo lina mpangilio wake, kwa hiyo tazama kwanza ndipo ufunge.

Kuhusu kubanwa begani, kosa kwa kawaida ni mahali tandiko lilipowekwa. Liweke mbele kidogo, kisha litelezeshe nyuma mpaka litulie lenyewe nyuma ya mfupa wa bega. Usilisukume kwenda mbele, maana unakunja manyoya kinyume na mlalo wake. Likikaa sawa, mkanda wa tumbo utashuka wima na kupita kama upana wa vidole vinne nyuma ya kiwiko. Ukifunga, hesabu matundu: kushoto na kulia yalingane au yapishane kwa tundu moja. Na kile kipande cha ngozi kinachoteleza juu ya mabizimu ukishushe kila mara. Kisipokuwepo, chuma hutoboa bawa taratibu.

SWALI: Binti yetu anajifunza kupanda farasi Arusha. Mwalimu anasema mkanda upishe vidole viwili. Tunaukaza hivyo, lakini akizunguka kidogo tandiko linalegea. Je, tuukaze zaidi tangu mwanzo? *Mzazi, Arusha*

JIBU: Msiukaze zaidi tangu mwanzo, ukazeni mara nyingi zaidi. Farasi wengi hujaza hewa na kukaza misuli ya kifua wanapohisi mkanda. Akianza kutembea anapumua, kifua kinapungua, nguo ya chini ya tandiko nayo inajibana, na mkanda uliokuwa sawa unakuwa umelegea. Kumkaza kwa nguvu akiwa amesimama kunamfundisha kuogopa mkanda, na kesho atajivimbisha zaidi.

Utaratibu ni huu. Unapoweka tandiko, funga tundu la kwanza linalofika, kiasi cha kulizuia lisianguke. Mvishe lijamu. Mtembeze hatua kumi au zaidi, ukaze tundu moja kila upande. Kabla ya kupanda, kaza tena. Kisha shika mguu wa mbele chini ya goti, uunyooshe mbele polepole, halafu wa pili, ili ngozi iliyokunjika chini ya mkanda ijinyooshe. Mkishapanda na kutembea dakika tano hadi kumi, mwalimu au msaidizi apime tena. Kipimo hiki cha mwisho ndicho watu wengi hukiruka, na ndicho kinacholeta malalamiko kama yenu.

Vidole viwili vinapimwa chini ya kifua, katikati ya miguu ya mbele, vikiwa bapa. Ubavuni kipimo hudanganya: mwili wa farasi una bonde dogo pale nyuma ya kiwiko, na mkono huingia kwa urahisi hata mkanda ukiwa umekaza kupita kiasi kule chini kwenye mfupa wa kidari.

Kama mkanda wenu una mpira kwenye ncha moja tu, ncha hiyo huwekwa kushoto kwa sababu ndiko mtu anakokazia, lakini huvuta tandiko upande mmoja. Wenye mpira pande zote mbili ni bora. Hata hivyo jihadharini: mpira hunyooka kwa urahisi hata kwa mtoto, na mtu hufika tundu la juu kabisa bila kuhisi kwamba amemnyima farasi nafasi ya kutanua kifua.

Tandiko likiendelea kuyumba baada ya yote haya, tatizo si mkanda. Ni tandiko lisilolingana na mgongo wa farasi huyo, na kukaza hakutalitibu. Vilevile farasi anayelaza masikio, anayegeuka kuuma au kupiga mkia kila anapoona mkanda anasema anaumwa. Huenda ni vidonda vya tumbo, mbavu au mgongo. Aitwe daktari wa mifugo kabla ya kuadhibiwa.

SWALI: Farasi wetu wawili wa kutembezea wageni wametoka vidonda nyuma ya kiwiko, mmoja ana mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya. Mkanda ni wa nailoni, tunaufua kila wiki. *Mwongoza watalii, Nanyuki*

JIBU: Hayo yanaweza kuwa mambo mawili tofauti. Kidonda kibichi, ngozi iliyochubuka au kuvimba, hutoka na msuguano: tope kavu lililobaki kwenye manyoya, chumvi ya jasho, mkanda uliolegea ukawa unateleza, au mabizimu yanayoishia usawa wa kiwiko. Mpumzishe mpaka ngozi ifunge kabisa. Kuvika sufu juu ya mkanda na kuendelea na safari kunachelewesha tu.

Mabaka ya mviringo yanafanana na choa. Huambukiza kwa mkanda na brashi, na humwambukiza binadamu pia. Mtenge huyo, vaeni glavu, mwiteni daktari wa mifugo. Kuanzia sasa kila farasi awe na mkanda wake, wenye alama ya jina.

Kuhusu kufua, angalieni jinsi mnavyosuuza. Sabuni ikibaki ndani ya nailoni huyeyuka kwa jasho na kuunguza ngozi. Tumieni sabuni laini kidogo tu, msuuze mpaka maji yatoke bila povu, na mkanda ukauke kabisa. Wiki moja ni muda mrefu kwa farasi wa kila siku. Upande unaogusa mwili ufutwe kila baada ya safari.

SWALI: Ninafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe hapa Colorado, Marekani. Tandiko la huku lina mikanda miwili ya tumbo, na msimamizi alinifokea nilipofungua wa mbele kwanza. Kosa liko wapi? *Msomaji, Colorado*

JIBU: Kosa ni kubwa, na msimamizi wako hakukuonea. Tandiko la wachunga ng'ombe lina uzito mkubwa, na mkanda wa mbele ndio unaolishika. Ukiufungua kwanza, tandiko linabaki limeshikwa na wa nyuma peke yake. Farasi akishtuka, linapinduka na kwenda chini ya tumbo likiwa bado limemfunga karibu na miguu ya nyuma. Hapo ataruka na kupiga mateke mpaka kitu kivunjike, chake au chako.

Kufunga: mbele, kisha nyuma, kisha mkanda wa kifuani. Kufungua: kifuani, nyuma, mwisho mbele. Usibadilishe hata ukiwa na haraka.

Upande wa kushoto unakazia kwa latigo, ule ukanda mrefu wa ngozi. Upitishe kwenye pete ya mkanda wa tumbo, uurudishe juu kwenye pete ya tandiko, urudie mara ya pili, ndipo uingize ulimi wa pete kwenye tundu. Upande wa kulia kuna ukanda mfupi unaokaa umefungwa siku zote. Kwa kuwa haufunguliwi, watu husahau kuukagua. Ukunje kwa vidole kila wiki, hasa pale unapopinda kwenye pete: ukiona nyufa, ubadilishwe siku hiyohiyo.

Mkanda wa nyuma uguse tumbo bila kubana. Ukining'inia, farasi anayefukuza nzi kwa mguu anaweza kuingiza kwato humo. Kazi yake ni kuzuia nyuma ya tandiko isinyanyuke ng'ombe anapovuta kamba iliyofungwa mbele. Na kile kikanda kidogo kinachounganisha mikanda miwili chini ya tumbo kisikosekane: bila hicho, wa nyuma hurudi kuelekea kinenani, na farasi mtulivu kabisa anaweza kuanza kurusha mateke.

SWALI: Chuma cha kuning'inizia mkanda wa kikuku (pale mpandaji anapokanyaga) kina kiulimi kinachoinuka juu. Kifungwe au kiachwe? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Mtu akiwa amepanda, kiachwe kimelala. Akianguka na mguu ukakwama kwenye kikuku, mkanda utateleza na kuchomoka badala ya farasi kumburura. Hapo pwani ongezeni jambo moja: unyevunyevu huotesha ukungu kwenye ngozi, na chumvi hukishikisha kutu chuma hicho mpaka mkanda ugome kuteleza. Mara moja kwa wiki uvuteni mkanda kuelekea nyuma kwa mkono. Ukigoma, safisheni chuma kabla ya mtu kupanda tena.